Ndege ya bosi na moshi wake: maswali yenu

Ndege binafsi ni chache. Mbona mnazishikia bango, mnaacha mashirika makubwa ya ndege? (Msomaji, Mombasa)

Ni chache kweli. Mwaka 2023 zilitoa tani milioni 15.6 za hewa ukaa, kama asilimia 2 tu ukilinganisha na ndege za abiria. Ila wanaozipanda ni watu wapatao 256,000 duniani kote, na moshi huo umepanda kwa asilimia 46 tangu 2019. Safari moja kwa wastani hutoa tani 3.6. Mkenya wa kawaida hafikishi nusu tani kwa mwaka mzima, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Mimi ni katibu muhtasi Dar es Salaam. Bosi hukodi ndege kwenda Dodoma kikaoni asubuhi, anarudi jioni. Nimwambie nini bila kuhatarisha kibarua changu?

Dada, usianze na tabianchi. Anza na bili.

Waulize wenye ndege: ikishamshusha bosi, inamsubiri au inarudi Dar? Ikirudi, inarudi tupu, na jioni inaondoka tupu tena kumfuata. Safari mbili zimekuwa nne, na mafuta ya zote yamo kwenye ankara yenu. Ulaya imekadiriwa kwamba karibu safari 4 katika kila 10 za ndege binafsi hazina abiria hata mmoja. Kumlipia rubani chakula na kivuli mpaka jioni ni nafuu zaidi.

Kisha tazama ukubwa wa ndege. Watu watatu hawahitaji viti kumi na viwili. Kwa umbali kama huu ndege ya pangaboi hunywa mafuta kidogo kuliko jeti, na tofauti ya muda ni dakika chache tu, maana jeti haipati nafasi ya kukimbia: ikimaliza kupanda, imeshaanza kushuka. Huko kupanda ndiko kunakokula mafuta, ndiyo maana safari fupi ni za hasara. Na karibu nusu ya safari za ndege binafsi duniani hazifiki kilomita 500.

Halafu, kwa upole, mtajie SGR. Tangu katikati ya 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kwa takriban saa nne, na umeme wetu sehemu kubwa ni wa maji. Aondoke jioni, alale Dodoma, aingie kikaoni akiwa amepiga pasi. Akikataa kabisa, kuna ndege za abiria zinazokwenda huko huko.

Nasikia kuna mafuta ya ndege yanayotokana na mafuta ya kukaangia. Ni kweli?

Ni kweli. Novemba 2023 jeti ya Gulfstream ilivuka Atlantiki kwa mafuta ya aina hiyo pekee. Yakiungua hutoa moshi kama mengine. Nafuu iko kwenye asili yake: kaboni yake mimea iliivuta hewani, haikuchimbwa ardhini, na ukihesabu tangu mwanzo hadi mwisho inaweza kufika asilimia 80. Tatizo ni kwamba hayapatikani: mwaka 2024 hayakufika hata asilimia 1 ya mafuta yote ya ndege, na bei yake ni mara kadhaa ya yale ya kawaida. (Kwetu mafuta ya chipsi hukaangiwa mpaka yawe rangi ya lami, kwa hiyo sidhani tutauza mengi.)

Tajiri wetu hupanda miti kila akiruka. Haitoshi?

Apande, kivuli hakikatazwi. Ila mti huchukua miongo kukua na siku moja kuungua.

Kenya imejiunga na mpango gani wa kodi ya ndege za matajiri? (Msomaji, Nakuru)

Juni 2025, mjini Sevilla, Kenya iliungana na Ufaransa, Hispania, Barbados, Somalia na nchi nyingine chache kutaka wanaopanda madaraja ya juu na ndege binafsi walipe zaidi. Ufaransa yenyewe, tangu Machi 2025, inawatoza abiria wa ndege binafsi kuanzia euro 210 hadi 2,100 kwa kichwa. Naunga mkono, ingawa sioni anayekodi ndege akikosa usingizi kwa euro 210. Nchi hiyo hiyo, mwaka 2023, ilifuta safari za ndege za ndani pale treni inapofika ndani ya saa mbili na nusu. Mwenye tiketi ya kawaida wa kutoka Orly, uwanja wa ndege wa Paris, kwenda Lyon akaambiwa apande treni. Mwenye jeti yake hakuguswa.