Kambini, ogopa kalamu yako

Wadogo zangu mnaoripoti kambi ya kipindupindu wiki hii, najua kitu cha kwanza mtakachodai ni barakoa. Hata mimi nilidai. Agosti 2015, ugonjwa ulipolipuka Dar es Salaam, niliingia zamu ya kwanza nimejifunga pua na mdomo kama naenda kupuliza dawa ya mbu. Kumbe *Vibrio cholerae*, bakteria wa kipindupindu, hana shida na pumzi zako. Anachotafuta ni kumezwa: kwa maji, kwa chakula, kwa chochote unachopeleka mdomoni.

Kwangu alikuja kwa kalamu. Nilikuwa nahesabu dripu na kupima ndoo za wagonjwa, huku naandika kwenye fomu nikiwa na glavu zangu. Nikimaliza navua glavu, nanawa vizuri tu, kama nilivyofundishwa. Halafu naokota kalamu ileile, nakaa kujumlisha lita, na kifuniko nakiuma. Ni tabia ya tangu shule ya msingi. Siku ya tatu nilikuwa mimi niliyelala kwenye kile kitanda chenye tundu, ndoo chini, naharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele. Mwenzangu alipomaliza kunitundikia dripu ya Ringer lactate aliichomoa kalamu mfukoni mwangu, akaigeuzageuza, akacheka.

Klorini itawachanganya zaidi kuliko dripu. Tunatumia nguvu tatu: asilimia 0.05 kwa mikono, 0.2 kwa sakafu, vitanda na mabuti, na 2 kwa kinyesi, matapishi na maiti. Kwa HTH, yaani unga wa klorini, wa asilimia 70, chota kwa kijiko cha chakula, mfuto: nusu kijiko kwa lita 10 za maji ya mikono; viwili kwa lita 10 za sakafu; viwili kwa lita 1 tu ya yale makali. Andika kwenye kila ndoo kwa maandishi makubwa, kwa sababu usiku wa manane, taa hafifu, ndoo zote zinafanana. Mwaka ule kuna mtu alinawa kwa ya maiti. Changanya upya kila siku, kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Ya jana iliyoachwa wazi juani inabaki na harufu tu. Na mkiletewa Jik ya asilimia 3.5 badala ya unga, sahau vijiko: maji ya mikono ni sehemu 1 ya Jik kwa 69 za maji.

Uchafu unaimaliza klorini. Ukikuta matapishi sakafuni usikimbilie deki, utayasambaza. Mwagia yale makali, subiri, ndipo uzoe.

Sasa wauguzaji, na hapa ndipo wengi wenu mtaharibu kwa ukali. Mgonjwa mmoja, mtu mmoja wa kumuuguza, hilo halina mjadala. Lakini nilimkuta mama mmoja amekunja kanga iliyotapikiwa na mwanawe, ameitia kwenye mfuko wa rambo, anataka kwenda kuifulia nyumbani kwa sababu aliona aibu sisi tuifue. Ungemfokea, angeificha chini ya gauni akatoka nayo, na nyumba nzima ingetufuata kambini. Nilikaa naye chini, nikamwambia mwanawe anaendelea vizuri, kisha tukailoweka pamoja kwenye klorini. Mweleze mapema kwamba rangi itachuja. Asipojua hilo, mtagombana kesho yake.

Chai na chapati ni nje ya uzio, baada ya kukanyaga beseni la mabuti na kunawa. Si mlangoni, wala si "mara moja tu" kwenye meza ya dawa.

Kalamu za ndani zinabaki ndani. Nimezifunga kwa kamba kwenye meza ya fomu, na kamba ni fupi, haifiki mdomoni.