Pai ya mboga isiyolowa chini, kwa jiko la mkaa

Ndugu uliyeuliza kwa nini pai yako ya mboga, ile ya wazi isiyofunikwa unga juu, huiva vizuri juu lakini chini ikabaki imelowa, nami nilihangaika na jambo hilo hapa Mtwara hadi nilipotambua kwamba kosa halikuwa katika unga bali katika maji ya mboga. Mara ya kwanza niliwapikia wakwe, na baba mkwe, kwa adabu zake, alikula mboga za juu na kuuacha unga wote sahanini.

Nyanya na bilinganya kwa sehemu kubwa ni maji, na ukizipanga mbichi juu ya unga mbichi, moto utayatoa maji hayo nayo yatashuka chini. Kwa hiyo nyanya nazikata vipande vyembamba, nazinyunyizia chumvi, naziacha kwenye chujio kwa nusu saa, kisha nazifuta kwa kitambaa safi. Bilinganya, hoho na vitunguu nazikaanga kwa mafuta kidogo mpaka zinyauke, halafu naziacha zipoe kabisa.

Unga wenyewe ni gramu 250 za ngano, gramu 125 za siagi, chumvi kidogo, na maji baridi vijiko vya chakula 3 au 4. Wenzetu wa Ufaransa huipika pai ya namna hii katika kiangazi chao, Juni hadi Agosti, miezi ambayo kwetu ni kipupwe, na kwa kweli kipupwe ndicho kinachonifaa zaidi, kwa kuwa katika joto la Desemba siagi huyeyuka mikononi kabla hujamaliza kuifikicha. Ukilazimika kupika wakati wa joto, fanya kazi hiyo alfajiri, fikicha kwa ncha za vidole, na uache mara tu unga unaposhikana, kwani ukiukanda kama wa chapati utakuwa mgumu. Upumzishe nusu saa mahali penye ubaridi ndipo uusukume.

Sina oveni. Naweka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, nauacha upate moto, kisha naingiza sahani ya bati yenye unga, nafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Unga huu uoke peke yake kwanza, kama dakika 15, ukiwa umekandamizwa kwa karatasi na maharage makavu ili usifure. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Nilipofanya kinyume, niliunguza.

Baada ya hapo natandaza korosho zilizokaangwa na kutwangwa, kiasi cha kiganja kimoja, ambazo hunyonya maji yaliyosalia na kuleta utamu unaoshinda jibini ya dukani, angalau kwa ulimi wangu. Nunua zilizovunjika, kwa kuwa ni nafuu na zitatwangwa hata hivyo. Juu yake napanga mboga, namimina mayai 3 yaliyopigwa na nusu kikombe cha tui zito, kisha narudisha motoni kwa dakika 30 hivi, mpaka katikati pasitikisike tena.

Usiikate ikiwa ya moto. Iache angalau dakika 20 ili mayai yashikane. Na ukipenda kuongeza kamba wakavu, usitie chumvi nyingine kwenye mayai.