Kioo cha pembeni cha nyuma kilichovunjika: niliyojifunza baada ya kubadilisha viwili

Ndugu yangu, umeeleza kwamba jiwe lililorushwa na mashine ya kukata nyasi limepiga kioo cha dirisha la pembeni la nyuma la gari lako, kwamba kioo chote kimejaa nyufa ndogo ndogo na nusu yake imekwisha kumwagika ndani, na kwamba jamaa yako amekushauri utafute ile gundi ya kuziba nyufa badala ya kununua kioo kipya. Unauliza kama ushauri huo unafaa, na kama haufai, iwapo unaweza kukibadilisha mwenyewe. Nimepitia jambo hili mara mbili katika magari mawili tofauti, mara ya kwanza kwa fundi aliyefanya kazi kwa haraka na mara ya pili kwa mikono yangu nikisaidiwa na mtu wa vioo, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Gundi haitakusaidia, na sababu imo katika kioo chenyewe. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vyembamba vilivyobandikwa pamoja na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana jiwe likikipiga, ufa hubaki upande wa nje na fundi huweza kuujaza. Vioo vya pembeni katika magari mengi ni kioo kimoja tu kilichopashwa joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kikapozwa ghafla kwa upepo mkali. Kwa kupoa hivyo, nyuso zake hujibana na sehemu ya katikati hubaki imevutika, na kujibana huko kwa nyuso ndiko kunakokifanya kiwe imara kuliko kioo cha kawaida. Lakini ncha kali ikipenya ule uso uliojibana, nguvu yote iliyofungwa ndani huachiliwa kwa mara moja, na kioo kizima hugeuka chenga zisizo na makali marefu. Kimetengenezwa kivunjike namna hiyo ili kisimkate abiria. Kwa hiyo hapo hakuna ufa wa kuziba, kwa kuwa kioo chote kimekwisha.

Jambo hilo hilo ndilo linalofanya kioo cha aina hii kisiweze kukatwa wala kutobolewa baada ya kukazwa kwa joto. Mtu akikuahidi kwamba atakuchongea kipande kinachotosha dirishani, ujue anakusudia kukuwekea kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba, ambacho kikivunjika hutoa vigae virefu kama visu. Tafadhali usikubali, hasa ukizingatia kwamba kiti cha nyuma mara nyingi ndicho cha watoto.

Kabla ya kununua, tazama kona ya chini ya kioo cha upande wa pili ambacho bado ni kizima. Utakuta alama iliyochapwa humo. Herufi E yenye namba ndani ya duara, pamoja na maandishi 43R, huonyesha kwamba kioo kimeidhinishwa kwa kanuni ya kimataifa ya vioo vya magari, na namba hiyo hutaja nchi iliyotoa idhini, kwa mfano 1 ni Ujerumani na 2 ni Ufaransa. Magari yaliyotengenezwa kwa kufuata kanuni za Marekani huwa na alama ya AS2 kwa kioo kinachopitisha angalau asilimia 70 ya mwanga, au AS3 kwa kioo cheusi zaidi cha nyuma. Alama hiyo inakusaidia kutambua kama weusi wa kioo chako ulitoka kiwandani, ukiwa ndani ya kioo chenyewe, au ni karatasi ya tinti iliyobandikwa baadaye. Mimi sikuliangalia jambo hili mara ya kwanza, nikaletewa kioo cheupe, na gari likawa jeusi upande mmoja na jeupe upande wa pili. Mpe muuzaji nambari ya chesisi, umwambie ni upande wa kulia au wa kushoto kwa mtu aliyeketi akitazama mbele, na umtajie iwapo kioo kina nyaya za antena, maana katika baadhi ya magari antena ya redio hupita kwenye kioo kidogo cha nyuma.

Hukutaja ni kioo kipi hasa kilichovunjika, na jibu la swali lako la pili linategemea hilo. Kama ni kile cha mlango wa nyuma kinachopanda na kushuka, mtu mwenye subira na vifaa vya kawaida anaweza kukibadilisha. Kama ni kile kidogo kilichogandishwa kwenye bodi nyuma ya mlango, kazi ni ya gundi maalumu na inataka uangalifu wa namna nyingine. Kipo pia kile kidogo cha pembeni kilichomo ndani ya mlango wenyewe, nyuma ya nguzo nyembamba ya chuma, ambacho kwa kawaida hushikiliwa na mpira tu na hutoka mara nguzo ile ikifunguliwa. Katika magari mengi nguzo hiyo hulazimika kutolewa hata unapobadilisha kioo kikubwa, kwa kuwa bila kufanya hivyo kioo hakipati nafasi ya kuingia.

Kioo changu cha kwanza kilikuwa cha mlango. Fundi alikibadilisha kwa muda mfupi nikafurahi, lakini juma halikwisha kabla sijaanza kusikia mlio wa changarawe kila nilipofunga mlango. Kisha ikaonekana mikwaruzo miwili iliyonyooka kutoka juu hadi chini kwenye kioo kipya, na mvua ya kwanza iliponyesha, zulia la nyuma likalowa. Nilifungua mlango mwenyewe nikaona sababu zote tatu. Chenga za kioo cha zamani zilikuwa zimejaa chini ya mlango na kuziba matundu ya kutolea maji. Nyingine zilibaki ndani ya mfereji wa mpira ambamo kioo huteleza, nazo ndizo zilizokuwa zikikikwaruza kila kilipopanda. Na ule utando wa nailoni unaobandikwa kwenye chuma cha mlango nyuma ya ubao wa ndani ulikuwa umechanwa na kuachwa ukining'inia. Watu wengi huuona utando huo kama karatasi ya kufungia tu, kumbe ndio unaozuia maji yasiingie ndani ya gari. Maji hupita ndani ya mlango kila mvua inaponyesha, kwa kuwa mpira wa juu ya mlango hauzuii yote; yanatakiwa yateremke nyuma ya utando na kutoka kwa matundu ya chini.

Tangu hapo nimeamini kwamba kazi hii kwa sehemu kubwa ni ya kusafisha, na kufunga kioo chenyewe ndiyo sehemu fupi. Vaa glavu ngumu na miwani ya kinga. Usiguse swichi ya kioo kabla hujafungua mlango, kwa sababu chenga zikiingia kwenye kamba au meno ya mtambo wa kupandisha kioo zitauharibu nao. Kilichobaki kwenye fremu kibandike selotepu pana pande zote mbili, kisha kitoe kwa vipande huku ukitandika shuka kuukuu chini. Tumia mashine ya kufyonza vumbi yenye mdomo mwembamba, uanze juu kwenye mfereji wa mpira, uingie ndani ya mlango, kisha umalizie kwenye viti, reli za viti, na mahali mkanda wa usalama unapojizungushia. Gongagonga mlango kwa kiganja na ufyonze tena. Mimi nilirudia mara nne, na mara ya nne bado zilitoka. Kiti cha mtoto kikiwemo garini, kitoe nje na ukivue kitambaa chake chote.

Ubao wa ndani wa mlango hushikiliwa na skrubu zilizofichwa, kwa kawaida moja nyuma ya kitasa na moja au mbili ndani ya kishikio cha mkono, chini ya vifuniko vidogo vya plastiki. Zikishatoka, klipu za pembeni huachia kwa kuvutwa kwa kifaa cha plastiki. Bisibisi ya chuma hukwaruza rangi. Ubao ukilegea usiuvute mbali kwa ghafla, maana nyuma yake kuna waya za swichi na kebo ya kitasa. Utando wa nailoni utenganishe polepole kwa kukata ile gundi nyeusi laini kwa kisu chembamba, na usiishike kwa vidole wala kuiachia vumbi, kwa kuwa gundi hiyo hiyo itaubandika tena ikibaki safi.

Kuingiza kioo chenyewe hakuna mengi. Mtambo hushushwa hadi boliti zake zionekane kwenye matundu ya mlango, kioo huingizwa kutoka juu kikiwa kimeinamishwa, kisha huketishwa kwenye kishikio na kukazwa kwa wastani, kwa sababu boliti ikikazwa kupita kiasi juu ya kioo cha aina hii inaweza kukilipua siku hiyo hiyo au baadaye. Kingo zake zitazame kabla ya kukifunga. Kioo kilichotumika hakina ubaya wowote, lakini kikiwa kimemeguka ukingoni, kiache. Kipandishe na kukishusha mara kadhaa kabla ya kurudisha ubao. Kama gari lako lina swichi inayopandisha kioo chenyewe kwa mguso mmoja, huenda ikasahau mahali kioo kinapokomea. Magari mengi hujifunza upya ukiendelea kuivuta swichi kwa sekunde chache baada ya kioo kufika juu, na kitabu cha mwongozo cha gari kitakueleza utaratibu wake.

Sasa kile kilichogandishwa kwenye bodi. Kioo changu cha pili kilikuwa cha aina hii, na kwa hicho nilimwomba mtu wa vioo awe pamoja nami. Nakushauri nawe ufanye hivyo au umwachie kabisa. Kwanza, katika magari mengi ya siku hizi mfuko wa hewa wa usalama umekunjwa kando ya dari juu ya madirisha, na kufungua plastiki za nguzo huku betri ikiwa imeunganishwa ni hatari. Betri hutolewa waya na gari huachwa kwa dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote. Pili, gundi inayotumika ni ya poliyurethani, na haishiki juu ya uchafu wala juu ya chuma kilichochubuliwa. Gundi ya zamani hupunguzwa kwa kisu mpaka ibaki tabaka jembamba la milimita moja au mbili, ambalo ndilo msingi bora wa ile mpya. Palipochubuka hadi kwenye chuma hupakwa praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, la sivyo kutu itatambaa chini ya gundi na kuinyanyua baada ya miaka michache. Ule ukingo mweusi wa kioo nao husafishwa kwa spiriti na kupakwa dawa inayokuja na gundi. Ukingo huo ni rangi ya seramiki iliyochomwa juu ya kioo ili kuikinga gundi na jua, si pambo.

Watu watakuambia utumie silikoni kwa kuwa inapatikana kila mahali. Nakusihi usifanye hivyo. Silikoni haina nguvu ya kukishikilia kioo gari likitikisika au likipata ajali, baadhi ya aina zake hutoa asidi inayokula chuma, na mabaki yake huizuia poliyurethani isishike siku utakapotaka kurekebisha.

Gundi ikishawekwa, kioo lazima kiketishwe ndani ya dakika chache kabla uso wake haujaanza kukauka, kisha kishikiliwe kwa selotepu kisiteleze. Poliyurethani hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, hivyo katika baridi kavu huchukua muda mrefu zaidi. Fuata saa zilizoandikwa kwenye tyubu, wala usipunguze hata moja. Kwa siku hiyo acha dirisha jingine wazi kidogo, kwa sababu mlango ukifungwa kwa nguvu katika gari lililozibwa, hewa husukuma kioo kutoka ndani na kufungua njia ya maji. Usilioshe gari kwa maji ya shinikizo kwa siku mbili.

Mpaka utakapopata kioo, funika dirisha kwa nailoni nzito, uikunje kuingia ndani na kuibana kwa mlango wenyewe, maana selotepu ikikaa juani juu ya rangi huondoka na rangi. Usimketishe mtu upande huo.

Kazi ikiisha, iwe yako au ya fundi, mwagia dirisha maji ya bomba taratibu kuanzia chini kwenda juu huku mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Ukianza juu, maji yatateremka na hutajua yalikoingilia. Tazama pia kama maji yanatoka kwenye matundu ya chini ya mlango, kisha baada ya siku mbili bonyeza zulia la nyuma kwa kiganja. Likiwa kavu, na mlango ukafungwa bila mlio wa changarawe, mlipe fundi wako. Ukishajua ni kioo kipi, niandikie hapa aina ya gari na mwaka wake, nami nitakueleza skrubu zilizofichwa ziko wapi, kama ni gari ninalolijua.