Kabla hujakasti objekti, iulize kwanza ni ya klasi gani

Jamani leo niongelee kukasti, yaani kuiambia kodi ichukulie objekti kuwa ya klasi fulani, maana kwenye kodi za Java za vijana ninazokagua kitu ni kilekile, mtu ana Map (jozi za jina na thamani) ya data iliyotoka kwenye JSON (data iliyoandikwa kama maandishi), anachukua thamani ya "kiasi" anaikasti moja kwa moja kuwa Long, kompaila inakubali, majaribio yanapita kwa sababu kwenye jaribio aliweka 5000L kwa mkono wake, basi anapeleka prodakshen. Kompaila (programu inayokagua na kutafsiri kodi) inakubali kwa vile yenyewe inaona Object tu, na Object inaweza kuwa chochote, imekuamini wewe. Sasa Jackson, maktaba ya Java inayosoma JSON, ikisoma namba nzima isiyozidi 2,147,483,647 inakupa Integer, ikizidi hapo ndo inakupa Long, na Integer sio Long, hawa ni ndugu, hakuna aliye mzazi wa mwenzake. Muamala wa kweli wa 5000 ukiingia tu, programu inalipuka na ClassCastException, kosa la kukasti kusikowezekana.

Dawa yake rahisi mno, mzazi wao wote wawili ni Number, ikasti kuwa Number halafu uite longValue, kwisha.

Kupanda kutoka klasi ya mtoto kwenda ya mzazi ni salama siku zote, shida iko kwenye kushuka. Hapo uliza kwa instanceof, neno la Java la kuuliza kama objekti ni ya klasi fulani, na tangu Java 16 ya 2021 unaweka jina la variabo hapohapo kwenye instanceof, kukagua na kukasti vinakwenda kwa mpigo, huwezi tena kukagua hiki ukakasti kile. Wa Kotlin mna as? na wa C# mna as, zinarudisha null (hakuna kitu) badala ya kulipuka, ila nawaomba sana hiyo null mmalizane nayo palepale, ukiiacha ipite italipukia faili jingine huko na utakesha unatafuta chanzo. Mimi naona bora kosa lilipuke lilipozaliwa. Ndo maana hata List naihofia zaidi, ukiikasti kuwa List ya String inapita kimya, Java ikishakompaili haikumbuki tena kama ilikuwa ya String, kosa unakuja kukutana nalo unapotoa kitu ndani.

Na ukiona umepanga instanceof sita mfululizo kwa klasi ulizoandika mwenyewe, weka metodi kwa mzazi, kila mtoto aiandike kivyake, hapo hata kukasti hukuhitaji.