Nilimlipa mchoraji wa jalada, mbona ananidai tena?

SWALI: Nilimlipa mchoraji anichoree picha ya jalada la kitabu changu. Tulikubaliana kwa mdomo tu. Kitabu kilipopata wasomaji nikatengeneza fulana zenye picha ileile, naye sasa anadai fidia. Kwani picha si mali yangu? Na nikimpa mtu mwingine aichore upya kwa rangi nyingine, je?

JIBU: Uliyonayo mkononi ni picha. Hakimiliki, yaani haki ya kuamua nani anakili na kutumia picha hiyo, ni kitu kingine, na kwa kawaida huanzia kwa aliyechora, bila usajili wala alama yoyote. Ndivyo unavyotaka Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki.

Angekuwa mwajiriwa wako, nchi nyingi zingekupa wewe hakimiliki. Kwa kazi ya kuagiza, sheria zinatofautiana sana. Ziko zinazompa mwagizaji. Uingereza humwachia msanii mpaka asaini kuihamisha. Marekani nako, mwaka 1989, Mahakama ya Juu ilikataa kumhesabu mchongaji wa sanamu kuwa mwajiriwa wa shirika lililomwagiza, ingawa shirika lilimwelekeza na kumlipa. Kwa hiyo anza na sheria ya nchi yako.

Ikiwa nchi yako haimpi mwagizaji hakimiliki, makubaliano ya mdomo hayatakufikisha mbali, maana kuihamisha huhitaji maandishi katika nchi nyingi. Ulichopata ni ruhusa ya kutumia picha kwa kazi mliyoizungumza, yaani jalada, na pengine matangazo ya kitabu. Fulana ni biashara nyingine, na hapo mchoraji ana hoja.

Hilo la kuchorwa upya liache kabisa. Wazo la picha ni huru kwa yeyote, ila mpangilio wake, mistari na sura alizozibuni zinalindwa, hata rangi zikibadilika. (Maneno ya “badilisha asilimia 30 uwe salama” hayamo katika sheria.) Tena ukifanya hivyo baada ya kudaiwa, utaonekana umekiuka kwa makusudi.

Ningekuwa wewe, ningesitisha mauzo, nikahesabu fulana zilizotoka, kisha nikampa mchoraji sehemu ya mapato ya nyuma na ya mbele. Safari hii andikeni: matumizi gani, kwa muda gani, wapi, kwa malipo gani. Jina lake pia litajwe kitabuni. Berne humwachia msanii haki hiyo hata akishauza hakimiliki yote.