Jibu: Roboti inayogeuka gari, miguu imelegea na goti limekaza

Ndugu yangu wa Ngamiani, umesema roboti ya mtoto ikiwa gari iko sawa, ila ikisimamishwa nyonga zinalegea inaanguka, na goti moja limekaza hadi linalia. Hayo ni magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

Nyonga: kiungo chake ni goroli ya plastiki ndani ya kikombe, na imelika. Vuta mguu taratibu uchomoke, futa goroli kwa kitambaa kikavu, kisha ipake rangi ya kucha ile angavu kama maji, safu moja nyembamba. Iache saa 24. Ikilegea bado, ongeza safu ya pili. Ukiirudisha ingali mbichi itagandia kikombeni, na ukilazimisha, shingo yake inakatika. Hapo gundi haishiki, maana uzito wote uko pale.

Goti ndilo la kuogopa. Tazama penye pini: plastiki ikiwa imefanya weupe, inakaribia kupasuka, acha kukunja kabisa. Kwa hewa yetu ya chumvi hapa Tanga, pini ya chuma hupata kutu ikavimba ndani ya tundu. Kama mguu una skrubu, zifungue kwa bisibisi ndogo ya nyota, toa pini, isugue kwa msasa laini. Pini nyingi zina michirizi ncha moja. Gonga ncha iliyo laini ili itokee upande wa michirizi. Tone moja la mafuta ya silikoni latosha. Oili ya injini usitie, huharibu baadhi ya plastiki.

Na mtoto aelezwe: kipande kikigoma, kuna kingine hakijafunguka.