Mkanda wa babu hauokwi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mkanda wa rili, ule mdogo wa sentimita 13, uliorekodiwa hapa Tanga mwaka 1969. Ndani yumo babu yangu mzaa mama akisimulia alivyokuwa kibarua kwenye kiwanja cha ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanang'oa visiki na kushindilia udongo. Juzi tumeuweka kwenye mashine ya Grundig ya marehemu mjomba. Tumesikia sauti yake kidogo tu, mkanda ukaanza kutoa mlio mkali, na kwenye hedi, pale mashine inaposomea mkanda, pakabaki vumbi la kahawia. Kijana anayehamisha kaseti kwenda kwenye flashi ameniambia mkanda umeshika unyevu, niuoke kwenye oveni kwa muda wa saa nane. Oveni yangu ni ya gesi. Niweke moto kiasi gani? Nakutumia na picha ya rili nikiwa nimeishika dirishani. (Msomaji, Chumbageni)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiweke moto wowote. Zima oveni, chomoa Grundig kwenye umeme, utoe mkanda kwa mkono bila kuurudisha nyuma kwa mashine, uurudishe kwenye boksi lake, boksi lisimame wima. Kisha tuzungumze.

Swali la oveni limeshanichosha. Zamani mtu alikuja na mkanda wa taarab ya Black Star, au wa harusi ya shangazi yake, akauliza kama sauti bado ipo. Siku hizi anakuja akiwa ameshautibu mwenyewe. Yuko aliyeoka, yuko aliyeanika juu ya bati, na yuko aliyepulizia pafyumu kwa hoja kwamba ina spiriti na spiriti husafisha. Wote wametazama video fupi kwenye simu na wameondoka na maneno yale yale: mkanda wa zamani ukilia, uoke. Ungekuwa uongo mtupu ningepumua, kwa sababu uongo mtupu hujulikana mapema. Huu una nusu ya ukweli.

Nusu yenyewe ni hii. Mkanda una plastiki chini, na juu yake unga wa oksidi ya chuma ulioshikwa kwa gundi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, viwanda kadhaa vikubwa, hasa vya Marekani, vilitumia gundi ya poliuretheni ambayo ilikuja kuonekana kwamba inanyonya maji ya hewani na kuvunjikavunjika. Mikanda ya Ampex 406 na 456 ndiyo maarufu kwa ugonjwa huo, na ya Scotch 226 na 250 nayo imo. Mkanda wa namna hiyo unanata, unalia, na unaacha utope wa kahawia kwenye hedi. Huo ndio unaopashwa joto: nyuzi 50 hadi 55 za Selsiasi, saa nane au zaidi, ndani ya kifaa chenye feni na kipimajoto cha kuaminika, halafu unaachwa upoe polepole. Baada ya hapo unapata wiki chache za kuucheza na kuunakili, basi. Haujapona. Unyevu utarudi na mkanda utanata tena.

Oveni yako ya gesi haiwezi kazi hiyo hata kwa mkanda unaostahili. Alama yake ya chini kabisa iko mbali juu ya nyuzi 55, na rili ya plastiki itajikunja kabla hujamaliza kukuna nazi. Tena gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji. Unataka kuukausha mkanda, unaufungia ndani ya mvuke.

Tuje kwenye mkanda wako. Ile picha ya dirishani imenitosha, ingawa sidhani uliipiga ukijua inaonyesha nini. Mwanga unapenya pembeni mwa mkanda uliozungushwa. Naona hadi mistari ya dirisha. Plastiki hiyo ni asetati, iliyotumika sana kwenye mikanda ya miaka ya 1950 na 1960. Mikanda ya poliesta iliyokuja kuchukua nafasi yake ukiielekeza kwenye mwanga inaziba, ni giza tupu. Pia mgongo wa mkanda wako, yaani upande usio na unga wa oksidi, unang'aa. Ile mikanda ya Ampex niliyoitaja ina mgongo uliopakwa rangi nyeusi iliyofifia, isiyong'aa, na mgongo huo ni sehemu ya balaa lake. Wako hauna mgongo mweusi, hauna gundi ile, na haujawahi kuwa na ugonjwa huo.

Asetati ikiingia kwenye joto hupoteza kile kidogo kinachoifanya ipinde. Inasinyaa, kingo zinajikunja mithili ya ganda la mgomba lililokauka, na ukiicheza inakatika vipande. Na inaposinyaa haisinyai sawasawa, kwa hiyo sauti ya babu yako itakuwa inakaribia hedi na kuondoka. Hakuna programu ya kompyuta itakayonyoosha hilo. Unuse mkanda: ukitoa harufu ya siki, basi asetati imeshaanza kuoza yenyewe, na joto litauharakisha. Usiufunge kwenye mfuko wa nailoni, maana asidi inayotoka inabaki humo humo kuula.

Mbona unalia, basi? Sijauona kwa macho, lakini Grundig nyingi za enzi hizo zina vipande vidogo vya felti vinavyoubana mkanda kwenye hedi. Felti hiyo ikizeeka inakuwa ngumu, na gundi iliyoishikilia inatoka unga. Ongeza gurudumu la mpira lililokauka na njia ya mkanda ambayo haijapanguswa tangu mjomba akiwa hai, mlio unao hapo, na vumbi unalo. Mashine mbovu inatoa dalili zilezile za mkanda mbovu. Ndiyo maana mtu mwenye akili huanza kujaribu mashine kwa mkanda asioujali. Nyinyi mmeijaribu kwa babu.

Safisha hedi na njia yote kwa pamba na alkoholi ya isopropili, siyo petroli, siyo mafuta ya taa, siyo spiriti ya bluu. Gurudumu la mpira linatosha maji yenye sabuni kidogo. Mwite anayejua kapasita za karatasi, kwa sababu zile zimekaa bila umeme miaka mingi na ukiziwasha ghafla zinaweza kufumua transfoma. Kama mashine ililetwa kutoka Marekani, kubadili volti peke yake hakutoshi: huko umeme wao ni hezi 60, wetu ni 50, na mota ya aina ile hufuata hezi. Itazunguka pungufu kwa moja ya sita, na babu atakuwa na sauti nzito ambayo hakuwa nayo.

Nikwambie kinachonikera kuliko oveni yenyewe. Ni ile imani kwamba mkanda unalia kwa sababu ya uzee, kwa hiyo ukiwa wa zamani zaidi unahitaji kuokwa zaidi. Ni kinyume. Magnetophon, mashine ya kurekodi kwa mkanda ya kampuni ya AEG, ilionyeshwa Berlin mwaka 1935. Mwaka 1940 hivi, redio ya Ujerumani iligundua namna ya kutia mkondo wa masafa ya juu kwenye hedi ya kurekodi, na kelele ya nyuma ikashuka kiasi kwamba aliyesikiliza redioni alishindwa kujua kama orkesta inapiga muda ule au ni mkanda. Waingereza hawakuwa na kitu hicho. Septemba 1943, mtangazaji wa BBC Wynford Vaughan-Thomas alipopanda ndege ya Lancaster iliyoruka kutoka kiwanja cha Langar kwenda kuipiga Berlin, fundi wake Reginald Pidsley alikuwa akichonga sauti kwenye sahani, kwa sindano, huku mizinga ikiwafyatukia kutoka chini. Mimi nikiusikiliza uchongaji ule navua kofia. Jaribu kuishikilia sindano kwenye daladala ya Pongwe, uone. Vita vilipokwisha, Mmarekani Jack Mullin akapeleka kwao Magnetophon mbili na rili 50 za mkanda, na kwa kuziiga Ampex ikatoa mashine yake ya kwanza mwaka 1948.

Sasa basi: mikanda ya redio ya Berlin ya mwaka 1944 bado inachezeka, hata ya stereo ipo. Ampex hiyohiyo, miaka thelathini baadaye, ikatengeneza mkanda ulioanza kunata mikononi mwa studio zilizoununua mpya. Tatizo ni gundi ya kipindi fulani kutoka viwanda fulani. Kuuoka kila mkanda wa zamani ni sawa na kumpa kila mwenye homa dawa ya malaria bila kumpima.

Hapa pwani tunalo jambo jingine ambalo video za ughaibuni hazilitaji, kwa sababu haliwasumbui sana. Mikanda mingi inayopita mikononi mwangu haina ugonjwa wa gundi, ina ukungu. Tazama ubavu wa rili: ukiona unga mweupe au nyuzi mfano wa utando wa buibui, hicho ni kimea kilichokua masika kabatini. Nyuzi 50 hazikiui. Kinachofanyika ni kwamba feni ya oveni inakitawanya jikoni, na unakivuta wewe na watoto. Mkanda wa namna hiyo unapanguswa nje, penye hewa, umevaa barakoa, kwa kitambaa kikavu laini, na haupitishwi kwenye mashine kabla ya hapo.

Kuhusu kiwanja. Nimevutiwa, nikiri, maana viwanja vya vita ndiyo maradhi yangu mengine. Pwani hii ilizoea ndege za vita mapema: mwaka 1915 Waingereza walizirusha kutoka Mafia kuitafuta manowari ya Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye matawi ya Rufiji. Katika vita vya pili, Wajapani walipoipiga Ceylon (Sri Lanka ya leo) Aprili 1942, kundi la manowari za Waingereza likahamia Kilindini, na ndege zake zikahitaji mahali pa kutua. Tanga ikapata kituo cha ndege cha jeshi la majini, na kwa kuwa majini wale wana desturi ya kukipa kituo cha nchi kavu jina la manowari, chetu kiliitwa HMS Kilele. Nakueleza hili kwa sababu ya kazi iliyo mbele yako. Babu yako akisema kwenye mkanda kwamba alikuwa anafanya kazi "kwenye meli" ilhali anaongelea visiki na udongo, asije kijana wa flashi akamkata akidhani mzee amechanganyikiwa. Huenda anasema sawasawa alivyoambiwa na mabwana wake.

Na mkisikia sauti nyingine chini ya ya kwake, inayosema kitu kisichoeleweka, msiite shehe. Nimeshaletewa mikanda ya "majini", na si wale wa manowari. Mkanda umerekodiwa njia nne, yaani mistari minne ya sauti, miwili ya kwenda na miwili ya kurudi, na unachezwa kwenye hedi ya njia mbili. Hedi pana inasoma na upande wa pili, ambao unakwenda kinyumenyume. Tafuta mashine ya njia nne na jini linaondoka.

Ukipata mashine iliyo sawa, unganisha kompyuta kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchezea. Mchezo wa kwanza ndio wa kurekodi, maana asetati hii inaweza isikupe wa pili. Kwa spidi ya sentimita 9.5 kwa sekunde, rili yako ina kama dakika 45 kila upande ikiwa mkanda ni wa ule mwembamba. Hifadhi faili la WAV la biti 24 na kilohezi 96, bila kuchujwa. Ukitaka kumtumia shangazi kwenye WhatsApp, tengeneza nakala ndogo pembeni. Mkanda ukikatika usitumie selotepu ya dukani, gundi yake inatambaa. Ipo tepu ya kuungia inayotengenezwa kwa kazi hiyo, na asetati hukatika wima, inaungika bila kupoteza neno.

Kinachobaki ni hawa wa flashi, na sisemi ni huyo wako tu. Wamejaa kila mji. Wanachukua mkanda, wanaucheza kwenye mashine ambayo hawajawahi kuifungua, wanapitisha sauti kwenye programu ya kuondoa kelele mpaka mzee anasikika akiongea ndani ya mtungi, wanakupa MP3, kisha wanakuuliza kama unautaka mkanda au wautupe. Hapo ndipo watu wanapopoteza vitu. Nakala mbaya ingerudiwa kama mkanda upo. Mkanda ukishakwenda jalalani, nakala mbaya ndiyo babu uliyebaki naye. Udai mkanda wako, hata wakikuambia umeoza, hata ukiwa vipande kwenye bahasha.

Na kijana akirudi na habari za oveni, usibishane naye. Muulize mkanda huu una mgongo wa rangi gani. Akikujibu "mgongo upi?", mpe chai na rili abaki nayo mama.